Dawa ya Kukausha Miti: Majaribio ya Kikore na Namna ya Kuyachunguza

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Malampaka

Karatasi mliyo nayo mkononi ina maneno yale yale mnayoyasikia katika redio. Wale wanaojua kusoma tayari wafuate kwa kidole. Wale ambao bado wanaunganisha herufi wasikilize kwanza, kisha mwalimu wa darasa atawasomea tena polepole. Leo yamo maneno mapya. Nitaeleza kila moja litakapotokea.

Somo letu ni juu ya majaribio ya silaha za sumu na silaha za magonjwa. Silaha ya sumu, au silaha ya kemikali, ni dawa kali inayotumiwa vitani badala ya risasi. Silaha ya magonjwa, au silaha ya kibiolojia, ni ugonjwa unaopandwa makusudi kwa adui, kwa mifugo yake au kwa mazao yake. Najua baadhi yenu mtasema, "Mambo hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Yanatuhusu. Dawa moja iliyokuja kuwa silaha kubwa katika vita vya Vietnam ilijaribiwa katika nchi yetu, Kikore, upande wa Kondoa, mwaka 1950 na 1951. Na sababu iliyotajwa ya kuileta ni mdudu ambaye babu zenu walipambana naye hapa hapa Usukumani.

Mbung'o na pori

Basi tuanze na huyo mdudu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, ni inzi anyonyaye damu. Akimwuma mnyama wa porini mwenye vijidudu vya nagana, kisha akimwuma ng'ombe, ng'ombe hukonda na kufa. Aina nyingine ya vijidudu hivyo humpa mtu malale. Mbung'o hapendi mahali peupe penye jua kali. Hukaa katika kivuli cha miti na vichaka. Kwa hiyo penye ng'ombe wengi na mashamba mengi pori hupungua, na mbung'o hukimbia. Watu na ng'ombe wakipungua, pori hurudi, na mbung'o hurudi pamoja nalo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 uliingia Afrika ya Mashariki ugonjwa wa sotoka. Ulitokea pembe ya Afrika, ukashuka kusini, ukaua ng'ombe wengi mno; wataalamu hukisia kwamba mahali pengi walikufa tisa katika kila kumi. Njaa na ndui zikafuata. Mashamba yakaachwa, vichaka vikaota, na katika miaka iliyofuata mbung'o wakaenea mahali ambapo zamani walichunga watoto.

Walipokuja Waingereza baada ya vita vya kwanza vya dunia, walimkuta mbung'o ameshika sehemu kubwa ya Tanganyika. Bwana nyama wa kwanza wa nchi, C. F. M. Swynnerton, aliweka kazi yake ya uchunguzi wa mbung'o Shinyanga, jirani zetu. Aina moja ya mbung'o wa huku kwetu imepewa jina lake, Glossina swynnertoni. Yeye na machifu wa Usukuma walishirikiana: watu walikwenda kwa maelfu na mashoka yao kufyeka pori, na mahali pengine walichoma majani kwa wakati maalumu. Swynnerton alikufa mwaka 1938 ndege yake ilipoanguka, lakini kazi iliendelea. Ilikuwa kazi ngumu. Kila mwenye kumbukumbu ya wazazi wake atakuambia hivyo, na hakuna aliyeifanya kwa kupenda jasho.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, watu walitafuta njia nyepesi kuliko shoka. Waingereza wakaanzisha kitengo cha kuchunguza dawa za wadudu katika makoloni yao. Kitengo hicho kilianza Uganda, baadaye kikahamia Arusha. Wengi wenu mlilisikia jina lake la baadaye, TPRI. Na leo kazi zake zimo katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kiuatilifu ni neno la jumla kwa dawa ya kuua wadudu, magugu au magonjwa ya mimea. Someni pamoja: ki-u-a-ti-li-fu.

Jina lenye namba

Sasa nawaomba mtazame ubaoni. Mwalimu aandike: 2,4-D. Chini yake aandike: 2,4,5-T. Haya ni majina ya dawa. La kwanza tunalisoma "mbili nne D", la pili "mbili nne tano T". Namba zinaonyesha mahali ambapo chembe za klorini zimekaa katika umbo la dawa. D inatuambia chembe hizo ni mbili, na T inatuambia ni tatu. Tofauti ni chembe moja tu, lakini mtaona baadaye jinsi tofauti hiyo ilivyokuwa kubwa.

Dawa hizi huuaje? Kila mmea una kitu ndani yake kinachouambia ukue kiasi gani na uelekee wapi. 2,4-D hujifanya kitu hicho. Mmea hudanganyika, hukua ovyo, shina hujisokota, majani hukunjamana, mwisho hufa. Jamii ya nyasi haidhuriki sana, na mahindi, mtama, uwele na mpunga ni jamii ya nyasi. Mimea ya majani mapana ndiyo inayokufa. Pamba ina majani mapana. Watu wa Malampaka waliweke neno hilo akilini, nitalirudia.

Wataalamu wa Uingereza na wa Marekani walizitafuta dawa hizi wakati wa vita, kwa siri. Katika kambi ya jeshi la Marekani iliyoitwa Camp Detrick, kuanzia mwaka 1944, zilipimwa dawa zaidi ya 1,000 ili kuona zipi zinaweza kuharibu mazao ya adui. Vita vilikwisha kabla hazijatumiwa. Ndipo siri ikafunguliwa kidogo, na dawa zikaanza kuuzwa kwa wakulima kama dawa za magugu. Kwa hiyo ndugu zangu, msidhani kwamba dawa ya shamba iligeuzwa kuwa silaha. Ilitafutwa kama silaha wakati wa vita, ikapelekwa shambani, kisha ikarudi vitani.

Kikore

Mwaka 1950 na 1951 kile kitengo cha Arusha kilijaribu dawa za kuua miti na za kuangusha majani huko Kikore. Zilizojaribiwa ni 2,4-D, 2,4,5-T na ya tatu iitwayo endothali. Walitaka kujua zinafanyaje kazi katika nchi ya joto. Mwaka 1952 na 1953 kitengo kikasimamia kazi ya kunyunyiza 2,4,5-T kwa ndege katika rasi ya Waturi huko Kenya, ili kuona kama kuangusha majani kutamwondoa mbung'o.

Hebu mfikirie mtu aliyesimama Kikore mwaka ule. Angeona nini? Angeona mabwana na vibarua wao, mapipa, mabomba ya kunyunyizia, na miti inayopukutika majani. Angeuliza, naye angejibiwa, "Tunamfukuza mbung'o." Jibu hilo lilikuwa kweli. Mbung'o alikuwapo Kondoa, alikuwa akiua ng'ombe, na kumfukuza kulikuwa jambo jema.

Lakini wakati ule ule Uingereza ilikuwa vitani Malaya, nchi ambayo leo ni Malaysia. Vita hivyo vilianza mwaka 1948 na kwisha mwaka 1960. Wapiganaji walijificha katika msitu, wakavizia magari ya serikali barabarani. Jeshi lilitaka kujua dawa gani itaangusha majani ya miti ya nchi ya joto, galoni ngapi kwa eka, na baada ya siku ngapi. Maswali hayo ni yale yale ya mtu wa mbung'o. Jibu lililopatikana kwa ajili ya mmoja lilimfaa na mwingine. Kazi moja, mabwana wawili.

Mwaka 1952 dawa za aina hii zilinyunyizwa kandokando ya barabara za Malaya. Baadaye ndege zilinyunyizia bustani ambazo wapiganaji walilima chakula chao msituni. Ile kazi ya barabarani haikudumu, kwa maana hesabu zilionyesha kwamba kufyeka kwa mikono ni rahisi zaidi kwa fedha. Yaani shoka lilishinda! Lakini mfano ulikuwa umekwisha kuwekwa. Mwaka 1961 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Dean Rusk, alimwambia Rais Kennedy kwamba kutumia dawa za kuua mimea vitani si kuvunja sheria, kwa kuwa Waingereza walikwisha kufanya hivyo Malaya.

Kuanzia mwaka 1962 hadi 1971 ndege za Marekani zilimwaga Vietnam ya kusini lita zaidi ya milioni 70 za dawa za kuua mimea. Iliyotumika kuliko zote iliitwa Agent Orange, kwa sababu mapipa yake yalipigwa mstari wa rangi ya machungwa. Ndani yake mlikuwa na nusu 2,4-D na nusu 2,4,5-T. Hapa ndipo ile chembe moja ya klorini inapoonyesha ubaya wake. 2,4,5-T ikitengenezwa kwa moto mkali kupita kiasi, huzaliwa ndani yake sumu nyingine iitwayo dioksini, ambayo haikukusudiwa. Dioksini haiozi upesi. Hukaa katika udongo na matope, huingia katika samaki na bata, kisha huingia katika mafuta ya mwili wa mtu. Huleta saratani. Hata leo huko Vietnam, karibu na viwanja vya ndege ambapo mapipa yaliwekwa, kazi ya kusafisha udongo haijakwisha.

Nataka tusimame hapa kidogo. Sijasema kwamba watu wa Kikore walidhurika. Vietnam zilimwagwa lita mamilioni kwa miaka mingi. Kikore yalikuwa majaribio, na majaribio hutumia dawa kidogo. Mtu akisema watu walidhurika, lazima aonyeshe. Mtu akisema hawakudhurika, naye lazima aonyeshe. Hiyo ndiyo maana ya kuchunguza, na ndiyo sehemu ya pili ya somo hili.

Sotoka katika kisiwa

Kabla ya hapo, nisimulie kwa ufupi habari nyingine, kwa kuwa inahusu ng'ombe, na najua katika darasa hili habari ya ng'ombe haichoshi.

Mwaka 1942 Marekani na Kanada ziliogopa kwamba adui anaweza kupanda sotoka katika ng'ombe wao, ambao hawajapata kuuona ugonjwa huo. Wakachukua kisiwa kimoja cha Kanada katika mto Saint Lawrence, Grosse Île, wakakifanya mahali pa siri pa kuchunguza sotoka. Vijidudu walivipata Kabete, karibu na Nairobi, penye maabara ya mifugo. Wakavikuza katika mayai ya kuku mpaka vikapungua ukali, wakapata chanjo. Vita vilipokwisha chanjo hiyo ilisaidia nchi zilizokuwa na sotoka. Baadaye, Muguga nchini Kenya, daktari wa mifugo Walter Plowright alitumia vijidudu vya asili hiyo hiyo ya Kabete kutengeneza chanjo bora zaidi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Ugonjwa uliowafilisi babu zenu hauko tena, isipokuwa katika chupa za maabara chache zinazolindwa.

Mnaona, hapa kazi ya hofu ya vita ilizaa kitu chema. Kikore kazi ya mbung'o ililisaidia jeshi. Kwa hiyo mtu anayechunguza mambo haya asianze na hasira wala asianze na sifa. Aanze na karatasi.

Karatasi hufunguliwaje

Serikali huandika kila kitu. Nani alitumwa, alipewa fedha kiasi gani, aliandika taarifa gani, taarifa ikaenda kwa nani. Karatasi hizo hufungwa pamoja, na fungu hilo huitwa jalada. Majalada ya siri hufungiwa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1967 kwamba majalada mengi ya serikali yafunguliwe baada ya miaka 30. Piga hesabu: jalada la mwaka 1951, ongeza 30, unapata 1981. Ndiyo sababu habari za dawa za Malaya zilianza kujulikana vizuri katika miaka ya 1980. Mwaka 1985 waandishi wawili, Judith Perera na Andy Thomas, walizieleza katika gazeti la sayansi la New Scientist.

Lakini si kila jalada lilikwenda mahali pake. Waingereza walipokuwa wakiondoka katika makoloni walichoma baadhi ya majalada, na mengine wakayachukua kwao kwa siri. Yalijulikana mwaka 2011, wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya wakati wa Mau Mau. Maelfu ya majalada kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefichwa katika jumba moja huko Hanslope Park. Tanganyika ni mojawapo ya nchi hizo. Mwaka 2013 serikali ile ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 wa Kenya. Kesi ilisimama juu ya miguu miwili, maneno ya wazee na karatasi za serikali. Mguu mmoja ungekuwa peke yake, sidhani kama ingefika mbali.

Sasa, mchunguzi akipata jalada, afanye nini? Asiamini kichwa cha habari. Kama kimeandikwa "Mbung'o", aangalie nani aliyetoa fedha. Aangalie nakala zilipelekwa ofisi gani. Kama nakala moja ilikwenda kwa bwana mifugo na nyingine ikaenda kwa wizara inayoshughulika na silaha, hapo amepata jambo. Aangalie jina la dawa, na namba zake. Tena aangalie watu walioambiwa, waliambiwa nini. Huko Uingereza kwenyewe, mahali paitwapo Porton Down, askari wengi walijitolea kwa majaribio, na wengine wao walisema baadaye kwamba walidhani ni uchunguzi wa mafua ya kawaida. Tarehe 6 Mei 1953 askari mmoja kijana wa miaka 20, Ronald Maddison, alitiwa matone ya sumu iitwayo sarini juu ya kitambaa mkononi, akafa siku ile ile. Uchunguzi wa kifo chake ulifanywa kwa siri, ukasema ni ajali. Ndugu zake na askari wenzake hawakunyamaza. Mwaka 2004, baada ya miaka 51, baraza la wachunguzi likasema wazi kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 watu wa Porton Down walijaribu sumu za namna hiyo Afrika pia, mahali paitwapo Obanakoro, kusini mwa Nigeria.

Wafu wakawa mashahidi

Labda mtauliza, je, kama karatasi zimechukuliwa zote? Nitawapa mfano ninaoupenda kuliko yote katika habari hizi, maana uchunguzi wake ungeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye daftari na subira.

Kimeta mnakijua. Ng'ombe hufa ghafla, damu nyeusi hutoka, na bwana mifugo hukataza kumchuna. Mbegu za kimeta hukaa katika udongo miaka mingi. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu bomu la kimeta kwa kondoo katika kisiwa cha Gruinard, Scotland, na kisiwa hicho kilikatazwa kwa watu mpaka mwaka 1990.

Basi mwezi wa Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk nchini Urusi, watu walianza kufa kwa kimeta. Serikali ya Kisovieti ilisema walikula nyama mbovu ya magendo. Kwa kuwa hata sisi tunajua kimeta hutoka katika nyama, maneno hayo yaliweza kuaminika. Watu wa usalama walichukua karatasi za hospitali. Lakini madaktari wawili waliopasua maiti, Faina Abramova na Lev Grinberg, walificha vipande vya nyama za marehemu na maandishi yao. Vipande hivyo vilionyesha kwamba ugonjwa uliingia kwa njia ya pumzi.

Mwaka 1992 aliruhusiwa kwenda huko mtaalamu wa Marekani, Matthew Meselson, pamoja na wenzake. Mmoja wao, Jeanne Guillemin, alikwenda nyumba hata nyumba kuzungumza na wajane na watoto wa waliokufa. Walisoma majina na tarehe juu ya makaburi. Kwa kila marehemu waliuliza: alikaa wapi, alifanya kazi wapi, mchana wa siku zile alikuwa wapi? Kisha wakatia alama katika ramani, alama moja kwa mtu mmoja. Watu wasiopungua 66 walikuwa wamekufa. Na alama zao hazikutawanyika ovyo kama wangekula nyama ya sokoni. Zilikaa katika mstari mwembamba unaoanzia kwenye kambi ya jeshi na kuelekea kusini. Mstari huo ulipoendelezwa ukapita katika vijiji ambako kondoo na ng'ombe walikufa siku zile zile, mpaka umbali wa kilometa 50. Wakatafuta habari za upepo. Tarehe 2 Aprili 1979 upepo ulikuwa ukivuma kuelekea huko huko. Kwa makaburi, maneno ya wajane na upepo, ikajulikana kwamba mbegu za kimeta zilitoka kambini.

Silaha za magonjwa zilikuwa zimekatazwa na mkataba wa mwaka 1972, na Urusi ilikuwa imeutia sahihi. Silaha za sumu zilikuja kukatazwa kabisa na mkataba wa mwaka 1993, ulioanza kazi mwaka 1997. Tanzania imo katika mkataba huo. Dawa za kuua mimea zimetajwa katika utangulizi wake kama kitu kisichotakiwa vitani, ingawa orodha ya silaha zenyewe haikuzitaja. Na kwangu mimi hilo ni tundu kubwa katika ukuta.

Hapa nyumbani

Turudi Malampaka. 2,4,5-T haitumiki tena, lakini 2,4-D bado inauzwa kihalali katika maduka ya pembejeo kwa kuua magugu ya mahindi na mpunga. Ukinyunyizia shamba lako la mpunga siku ya upepo, dawa inaweza kuruka mpaka kwenye pamba ya jirani. Pamba ni dhaifu sana kwa dawa hii. Majani yake hukonda na kujikunja kama vidole. Jirani atadhani ni ugonjwa, au atadhani amerogwa, kumbe ni bomba lako. Nyunyizia asubuhi kukiwa na utulivu, na usitumie bomba hilo hilo baadaye katika pamba. Pipa au kopo la dawa yoyote lisiwe la maji wala la pombe, hata ukiliosha mara kumi. Ukikuta mapipa ya zamani yenye dawa isiyojulikana, usiyafungue. Mwite bwana shamba, naye atawaarifu wenye mamlaka ya viuatilifu.

Na anayetaka kujua zaidi juu ya jambo lililopita ana mlango wa kugonga. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inahifadhi majalada ya wakati wa Mwingereza. Tena iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo raia anaweza kuandika barua kuomba taarifa katika ofisi ya serikali, na ofisi inapaswa kumjibu katika siku 30. Habari za ulinzi wa nchi zinaweza kuzuiwa. Lakini hata barua ya kukataa ni karatasi, nayo itunzwe.

Sasa kazi ya wiki hii. Gawanyikeni watu wanne wanne, na kila kikundi kiwe na angalau mmoja anayeandika vizuri. Mwendeeni mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, mwamkie kwa heshima, mwelezeni mnachotaka, na mkimwona hapendi kuandikwa jina, msiliandike. Mwulizeni juu ya kufyeka pori na kufukuza mbung'o katika kijiji chake, na kama aliona dawa yoyote ikinyunyizwa. Gaweni ukurasa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andikeni "Niliona", upande wa kulia "Nilisikia". Kila neno la mzee mliweke upande wake, na mkiwa na shaka mwulizeni tena, "Baba, hili uliliona mwenyewe?" Kama hakumbuki mwaka, msimkisie. Mwulizeni ilikuwa kabla ya uhuru wa 1961 au baada yake, kabla ya vita vya Kagera vya 1978 au baada yake, na kama alikuwa amekwisha oa au kuolewa. Kwa njia hiyo mwaka hupatikana, au hukaribiwa.

Karatasi hizo mwalimu atazikusanya na kuziweka katika jalada la darasa. Andikeni kwa kalamu ya wino, si ya risasi, na mwisho wa ukurasa tieni tarehe ya siku mliyozungumza.